Midia imekuwa njano Jumatatu? Usiongeze dawa, angalia maji

Mkuu, pole. Umesema flaski zako za Vero (seli za figo la tumbili tunazokuza maabara) uliziacha Ijumaa zikiwa safi, Jumatatu ukakuta midia, yaani maji ya lishe ya seli, ni njano na imechafuka kama maji ya kuoshea mchele, na unauliza kama uongeze penisilini na streptomaisini mara mbili. Usiongeze. Tia jiki humo humo, acha nusu saa, mwaga. Njano hiyo ni asidi ya bakteria. Wakishafika hapo hakuna cha kuokoa, na kila ukifungua mfuniko unawagawia wenzako kwenye inkubeta, kabati la joto mnamokuzia seli.

Mimi yalinikuta karibu miezi miwili. Nikailaumu serumu, nikamlaumu kijana wa mazoezi (hakuwa na kosa, maskini), nikabadilisha pipeti zote. Siku moja mama mmoja, fundi sanifu wa siku nyingi, akasimama nyuma yangu nikipasha midia. Chupa inaelea kwenye beseni la maji ya nyuzi 37, maji yamefika shingoni. "Mwanangu, haya maji yalibadilishwa lini?" Nikakosa jibu. Tukachukua tone, tukalipaka kwenye sahani ya aga, jeli ya kuoteshea bakteria. Kesho yake sahani nzima ilikuwa imejaa utando, na inanuka.

Tangu hapo maji yangu hayavuki nusu ya chupa, nayabadilisha kila wiki, na chupa ikitoka naikausha kwanza, kisha naifuta kwa spiriti ya asilimia 70, kuanzia mfuniko na shingo. Asilimia 70, si 96: kali zaidi hukauka upesi kabla haijafanya kazi. Trei ya maji ndani ya inkubeta nayo ni hivyo hivyo, ila watu huisahau kwa kuwa iko chini.

Sasa, bakteria angalau wanajionyesha. Kuvu utauona kwa hadubini, nyuzi nyuzi. Hamira ni vijiduara vinavyochipua. Wa kuogopa ni maikoplasma, bakteria wadogo mno. Midia haichafuki, rangi haibadiliki, na wanapenya kichujio cha mikroni 0.22. Penisilini hushambulia ukuta wa bakteria, na hawa hawana ukuta, kwa hiyo unawapigia ngoma tu. Kwangu dalili ilikuwa moja: seli nilizokuwa nagawa kwenye flaski mpya kila siku ya tatu zikawa zinasubiri ya sita. Nikadhani zimezeeka. PCR, kipimo kinachotafuta DNA yao, ikasema vingine.

Baadhi yao hukaa mdomoni mwa binadamu bila kumsumbua, ndiyo maana nimekuwa mkali kuhusu kupiga soga mbele ya hudi (kabati la hewa safi tunalofanyia kazi) flaski ikiwa wazi. Wengine huja na seli za zawadi kutoka maabara jirani. Seli ngeni kwangu zinakaa peke yake, zinashikwa mwisho wa siku, na haziungani na nyingine mpaka PCR iwe safi. Zilizopo napima kila mwezi.

Hiyo dawa uliyoizoea ndiyo inayokuficha mengi. Lea flaski moja bila antibiotiki wiki mbili, waliojificha watatoka.

Na kabla hujayeyusha kichupa kingine cha seli zilizogandishwa kwenye naitrojeni, paka tone la maji ya beseni lako kwenye aga, halafu rudi utuambie umeona nini.