Vifaa vya kunyonyeshea: mama kijacho, soma hapa kabla hujaenda dukani

Mdogo wangu, hongera kwa kufika mwezi wa nane salama. Umesema uko Mtwara mjini, hii ni mimba ya kwanza, mama yako yuko Newala, na likizo ikiisha ofisini wanakusubiri. Umeuliza mambo matatu: ile orodha ya vifaa uliyotumiwa na rafiki yako uinunue yote au la, kwa joto hili la kwetu mtoto apewe maji au asipewe, na kazini utafanyaje. Mimi ni mama wa watoto watatu, wote nimewalelea hapa hapa Mtwara huku nikifanya kazi ya ukarani kwenye ghala la korosho. Nitakujibu kwa kirefu maana najua usiku wa mama mchanga ulivyo, na sipendi uufikie ukiwa na pampu ya gharama kabatini lakini hujui kumweka mtoto kwenye titi.

Orodha yenyewe nimeiona: pampu ya umeme, chupa sita, mashine ya kuchemshia chupa, chuchu za plastiki, mto wa kunyonyeshea, pedi za matiti, na kopo la maziwa ya unga "la akiba". Sehemu kubwa iache huko huko dukani.

Anza na kanga. Chukua zile zilizofuliwa mpaka zikalainika, si mpya zenye wanga. Kanga moja unaikunja unaiweka chini ya mkono, mto wa kunyonyeshea umeupata. Nyingine unajifunika ukiwa kwenye daladala au kliniki. Zile zilizochakaa kabisa ndizo pedi zako: unakata miduara mipana kuliko kiganja, unapanga tabaka nne au tano, unashona pembeni. Mwanzoni maziwa yanavuja mno, titi moja likinyonywa la pili linatiririka, kwa hiyo shona nyingi. Zifue, zianike juani, na ikilowa tu badilisha. Pedi za dukani zenye nailoni kwa nyuma mimi sizipendi kwa hali yetu ya hewa, zinafungia joto na unyevunyevu, na chuchu ikikaa majimaji kutwa nzima fangasi haziko mbali.

Sidiria ndiyo ya kuwekea pesa. Tafuta ya pamba, isiyo na waya, inayofunguka kwa mbele, na uache nafasi kidogo kwa sababu maziwa yakishuka titi linaongezeka. Sidiria inayobana inaweza kuziba njia za maziwa, ukaamka na uvimbe unaouma. Mbili au tatu zinatosha. Za mtumba hazina shida, zifue vizuri tu.

Halafu nunua kikombe kidogo chenye mdomo laini na mfuniko wake. Huyo ndiye mbadala wa chupa zote sita na mashine yake. Wakunga wengi watakwambia hivyo hivyo: kikombe kinasafishika kila pembe, chuchu ya chupa ina vipembe ambavyo maziwa yanajificha na kuchacha. Tena mtoto mchanga akizoea mapema ule mteremko wa chupa, wengine huanza kukataa titi. Chuchu za plastiki za kuvaa juu ya chuchu yako usizinunue mpaka mhudumu wa afya akuangalie na kukwambia unazihitaji.

Na lile kopo la akiba, mdogo wangu, niko tayari kukusihi usiliingize ndani. Titi hutengeneza maziwa kulingana na yanavyotolewa. Mtoto akinyonya sana, mwili unaongeza. Akipewa kopo usiku ili mama alale, titi linakaa limejaa na mwili unapunguza. Siku chache tu unasikia "maziwa yangu hayatoshi", kopo linageuka kuwa chakula kamili, na kila wiki unatafuta hela ya kopo lingine. Wapo akina mama wanaolihitaji kwa sababu za kiafya, hao wataelekezwa na daktari na hawana cha kuonea haya. Lakini kulinunua kabla hata hujajifungua ni kujiwekea mashaka mapema.

Sasa nije kwenye jambo ambalo duka haliuzi, nalo ndilo kubwa kuliko yote niliyoandika hapa: namna ya kumweka mtoto titini.

Mwambie mkunga tangu unapoingia chumba cha kujifungulia kwamba unataka mtoto awekwe kifuani kwako, ngozi kwa ngozi, na anyonye ndani ya saa ya kwanza. Ukifanyiwa upasuaji, mara tu utakapoweza, na hapo mkao wa kumpitisha mtoto chini ya kwapa unasaidia kwa sababu hagusi mshono. Maziwa ya mwanzo ni machache, mazito, yana rangi ya manjano. Bado kuna wazee wetu wanaoyaita machafu na kutaka yakamuliwe yamwagwe. Usikubali hata tone limwagwe. Yamejaa kinga, na tumbo la mtoto siku hiyo ni dogo mno, kiasi cha kijiko kimoja cha chai kwa mnyonyo mmoja kinamtosha. Maziwa mengi yanashuka kati ya siku ya pili na ya nne. Hapo katikati mtoto atalia na atataka titi kila mara, na huo ndio utaratibu wenyewe wa kuyaita maziwa.

Kwa mtoto wangu wa kwanza, mkunga mmoja mtu mzima alinionyesha kitu ambacho nimewaonyesha wengi baada yake. Titi langu hakuligusa kabisa. Alimgeuza mtoto akatazamana nami, tumbo lake kwenye tumbo langu, pua yake usawa wa chuchu. Kisha akayasukuma makalio ya mtoto yaje karibu yangu, na papo hapo kichwa kikaenda nyuma kidogo, kidevu kikagusa titi, mdomo ukapanuka kama wa mtu anayepiga miayo. Akaniambia: sasa mlete yeye kwenye titi, usiinamie wewe. Mtoto akashika, na mdomo wa chini ulikuwa umebinukia nje. Weusi unaozunguka chuchu ulionekana zaidi juu ya mdomo wake kuliko chini. Nikamsikia anameza.

Ukikaa vizuri hivyo, unasikia kuvutwa, husikii kukatwa. Ukisikia maumivu makali yasiyokwisha baada ya mivuto ya mwanzo, usivumilie kwa kung'ata kanga. Ingiza kidole chako kisafi kwenye pembe ya mdomo wa mtoto umwachishe, umweke upya. Vidonda vya chuchu karibu vyote nilivyoviona vilitokana na mtoto kushika ncha peke yake. Dawa ni kurekebisha mshiko, kupaka matone ya maziwa yako na kuyaacha yakauke kwa hewa, na kuacha kabisa kusugua chuchu kwa sabuni. Kabla hujaruhusiwa kutoka wodini, mwombe muuguzi akutazame ukinyonyesha mwanzo hadi mwisho. Ukifika nyumbani ukaona hali si nzuri, rudi kliniki ya mama na mtoto, usisubiri tarehe ya chanjo.

Kuhusu maji: asipewe, hata Novemba jua linapochoma kabla mvua hazijashika. Zaidi ya asilimia 80 ya maziwa ya mama ni maji, na mtoto akisikia kiu ananyonya mara nyingi zaidi, basi. Miezi 6 ya mwanzo ni maziwa ya mama peke yake: si maji, si glukosi, si maji ya mchele, si dawa ya chango ya kienyeji. Kinachoruhusiwa ni dawa aliyoandikiwa hospitali. Asali isubiri mpaka atimize mwaka. Anayehitaji maji ni wewe; weka jagi pembeni kila unapokaa kunyonyesha. Na kama unatumia dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI, neno hili lina uzito maradufu: tumia dawa zako bila kuruka, nyonyesha bila kuchanganya na kitu kingine, na ufuate ratiba ya kliniki wanayokupangia wewe na mtoto.

Utajuaje anashiba? Usipime kwa kilio. Hesabu nepi: kuanzia siku ya tano hivi, zikilowa 6 au zaidi kwa siku na mkojo haujakolea rangi, maziwa yanaingia. Choo kinageuka kutoka cheusi kwenda cha manjano. Ananyonya mara 8 hadi 12 kwa saa 24, usiku ukiwamo. Uzito hupungua kidogo siku za mwanzo, kisha kufikia wiki ya pili awe amerudi ule wa kuzaliwa. Jioni wengine hung'ang'ania titi saa nzima na zaidi, na kuna wiki mtoto anakua kwa kasi anataka kila dakika. Jirani atasema huna maziwa. Tazama kadi ya kliniki, usimtazame jirani.

Hapo hapo niseme la kubemenda, ile imani kwamba wazazi wakikutana kimwili mtoto anayenyonya hudhoofu, maana utalisikia. Mtoto akidhoofu, kuna watu watamtazama mama na baba kwa jicho la lawama na kuanza kumtafuta mganga. Tendo la ndoa haliharibu maziwa. Mtoto anayedhoofu ana njaa au anaumwa, apelekwe kituo cha afya siku hiyo hiyo. Nimeona siku za thamani zikipotea kwenye maneno haya na inaniuma mpaka leo.

Mama yako akija kutoka Newala kukulea arobaini, mpe kazi mapema: akukande, akuogeshee mtoto, akupikie uji wa pilipili manga. Na kabla hujajifungua nenda naye kliniki akasikie habari ya maji kutoka kwa muuguzi mwenyewe, kuliko kuja kubishana naye saa nane za usiku. Chakula hakina masharti, ongeza tu mlo mmoja juu ya uliyozoea. Samaki, mbaazi, kisamvu, korosho, vyote viko mlangoni kwetu.

Titi likijaa likakaza, weka kitambaa cha uvuguvugu dakika chache kabla ya kunyonyesha, kamua kidogo ili weusi ulainike mtoto aweze kushika, kisha baada ya kunyonyesha weka kitambaa cha baridi. Likiwa jekundu, la moto, na una homa na baridi, nenda hospitali, lakini usiache kunyonyesha titi hilo. Kuliacha likae limejaa ndiko kunakoleta jipu.

Kazini sasa. Pampu usinunue leo. Jifunze kwanza kukamua kwa mkono. Mimi nilirudi ghalani msimu wa korosho umepamba moto, malori yamejipanga nje, na mkono wangu ulinitosha. Unanawa mikono kwa sabuni, unakanda titi taratibu, unaweka kidole gumba juu na cha shahada chini, nyuma kidogo ya weusi. Unasukuma kuelekea kifuani, unakutanisha vidole, unaachia. Usiviteleze juu ya ngozi. Dakika za mwanzo ni matone tu, halafu yanaanza kuruka. Ukizunguka titi zima, kikombe kinajaa bila umeme wala betri. Kama kazi yako haikupi hata dakika ishirini za utulivu, hapo pampu ya mkono ni msaada mzuri, mradi ile koni yake ilingane na chuchu yako. Ikibana inaumiza na maziwa hayatoki.

Anza kukamua wiki mbili hivi kabla ya kurudi, ili anayebaki na mtoto azoee kumnywesha kwa kikombe: mtoto ameinuliwa, kikombe kinagusa mdomo wa chini, analamba mwenyewe, hamiminiwi. Mezani maziwa yanakaa saa 4 kama chumba hakizidi nyuzi 25, na vyumba vyetu mchana vinazidi, kwa hiyo mimi huyaweka kwenye ubaridi moja kwa moja. Kwenye friji siku 4, ndani kabisa, si mlangoni. Umeme ukikatika muda mrefu usibahatishe. Kazini nilikuwa na deli dogo lenye barafu za mifuko, kama za wauza samaki, na vikopo vya kioo vyenye mfuniko vilivyochemshwa, kila kimoja kimeandikwa saa. Kupasha ni kuweka kikopo kwenye bakuli la maji ya uvuguvugu, usiyachemshe jikoni. Yakijitenga mafuta juu, yatikise taratibu, hayajaharibika.

Ujue pia haki yako. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inakupa likizo ya uzazi ya siku 84 yenye malipo, na siku 100 ukijifungua zaidi ya mtoto mmoja. Unaweza kuianza kuanzia wiki 4 kabla ya tarehe ya matarajio. Ukirudi kazini, mwajiri anatakiwa akuruhusu hadi saa 2 kwa siku za kunyonyesha ndani ya muda wa kazi. Wengi hawazidai kwa sababu hakuna aliyewaambia. Andika barua kabla hujaanza likizo, taja unavyopendelea kuzigawa: kuingia saa moja baadaye na kutoka saa moja mapema, au kwenda nyumbani mchana kama unakaa karibu. Omba na chumba chenye mlango unaofungika kwa ajili ya kukamua, hata kama ni stoo. Nakala igongwe muhuri, ubaki nayo.