Kukunja nyaya si kuonewa

Mwanangu, umeuliza kama mwalimu wa somo la utayarishaji wa vipindi vya televisheni anakuonea kwa kukupa kazi ya kukunja nyaya, ilhali wenzako wanashika kamera. Kwa maoni yangu, hakuonei. Waya unaozungushwa kiwikoni hujipinda na hatimaye hukatika kwa ndani, na hapa Bagamoyo, ambako upepo wa bahari hupeleka chumvi na mchanga hadi kwenye lenzi, asiyejua kufuta na kufunika vifaa huharibu mali ya darasa zima. Fika mapema, na usiwapige picha wavuvi sokoni kabla hujawaomba ruhusa (wazee wetu hawalisahau hilo). Zamu yako ikifika, rekodi pia ukimya wa mahali, yaani sauti ya mahali penyewe bila mtu kuzungumza, kwa sekunde 30. Utauhitaji wakati wa kuhariri.