Flaiwili iliyokerezwa: je, ni salama?

SWALI: Ndugu Mhariri, gari langu ni la kukanyaga klachi. Fundi wangu wa Ilala ananishauri tuikereze flaiwili iliyokuja na gari (lile gurudumu zito lililofungwa nyuma ya injini, ambalo klachi hubanwa juu yake) iwe nyepesi ili injini ipande kasi upesi, na Kariakoo nimeonyeshwa nyingine ya aluminiamu isiyo na alama yoyote ya kiwanda. Jamaa zangu wanasema flaiwili huweza kupasuka ikamkata dereva miguu. Je, ni kweli, na nijikinge vipi?
Msomaji, Tabata

JIBU: Ndugu msomaji, jamaa zako wamesema kweli, na kwa maoni yetu shauri la fundi ni la kukataliwa bila kusita. Flaiwili nyingi za magari ya kawaida ni za chuma cha kusubu, ambacho huvumilia sana kukandamizwa lakini ni dhaifu kinapovutwa, na flaiwili inapozunguka, mwili wake wote huvutwa kuelekea nje. Mvuto huo hukua kwa kipeo cha pili cha mwendo: injini ikitoka mizunguko 6,000 kwa dakika hadi 9,000, mvuto hufikia mara 2.25 ya ule wa awali. Ukingo wa flaiwili yenye kipenyo cha sentimita 30, kwa mizunguko 7,000, hukimbia karibu kilomita 400 kwa saa. Kipande kikimeguka huondoka kwa kasi hiyo, na kinaweza kutoboa kasha la klachi na sakafu, mahali hasa ilipo miguu ya dereva na abiria wa mbele.

Sasa fikiria flaiwili iliyokwisha kuungua kwa miaka ya klachi kuteleza kwenye foleni za Barabara ya Mandela. Joto hilo huacha mabaka ya buluu na nyufa nyembamba ambazo kukereza huenda kusiziondoe, huku unene uliokuwa ukizishikilia ukipungua. Usitegemee pia kompyuta ya gari inayozuia injini kupita kiasi, kwani hiyo hukata mafuta au moto wa plagi tu. Ukikosea ukatoka gia ya nne ukaingia ya pili ukiwa kasi, magurudumu ndiyo yanayoizungusha injini, wala hakuna cha kuyazuia.

Ile ya aluminiamu isiyo na alama nayo iache. Aluminiamu si mbaya kwa yenyewe, ila hujui imetengenezwaje wala kama iliwahi kupimwa. Ukihitaji flaiwili nyepesi, tafuta ya chuma cha pua (steel) cha kipande kimoja, yenye alama ya SFI 1.1, kiwango cha taasisi ya Marekani ya SFI Foundation kwa flaiwili na klachi za mashindano, ukainunue kwa muuzaji anayeweza kuthibitisha ilikotoka. Ifungwe kwa bolti mpya zilizokazwa kwa spana ya kipimo, baada ya kusawazishwa pamoja na presha pleti (bamba linaloibana sahani ya klachi kwenye flaiwili), ambayo nayo huweza kupasuka.

Kwa gari la mashindano, ongeza kasha la chuma cha pua lenye alama ya SFI 6.1, linaloizunguka klachi. Bamba la kuchomelea chini ya sakafu, ambalo mafundi wengi hulipendekeza kwa kuwa ni rahisi, halitoshi: vipande huruka pande zote, vikaweza kukata mabomba ya breki na ya mafuta. Kwa gari la kwendea kazini, baki na flaiwili ya asili ambayo haijapunguzwa uzito kwa kukerezwa, na kila klachi inaposhushwa mwambie fundi aisafishe na kuikagua nyufa, hasa kuzunguka matundu ya bolti. Ukionekana ufa hapo, ibadilishwe.