Uliza Tukujibu: Kompyuta inamjuaje mwandishi aliyekufa zamani za Warumi?

SWALI: Habari za kazi wahariri. Mdogo wangu yupo chuo anasoma fasihi, juzi kaniambia eti kuna tamthilia ya Kilatini inaitwa Octavia, imebeba jina la Seneca, yule mwanafalsafa na mwandishi wa Roma ya kale, ila siyo yeye aliyeandika, na watu wanatumia kompyuta kuchunguza. Mi nikamcheka. Mtu kafa karibu miaka elfu mbili, kompyuta inamjulia wapi? Msomaji, Tabata.

JIBU: Ndugu yetu, muombe dogo radhi. Hivi kwenye grupu la ukoo la WhatsApp, namba usiyoisevu ikituma meseji ndefu si unajua tu huyu shangazi? Siyo kwa habari aliyoleta, ni zile "yaani" na "sasa basi" zake. Kompyuta nayo inahesabu vineno kama hivyo, kwa Kilatini ni et, sed, non, yaani "na", "lakini", "si", vitu ambavyo mtu anavimwaga bila kufikiria ndo maana ni vigumu kuviigiza. Wamarekani Mosteller na Wallace walifanya hivyo mwaka 1964 kwa makala 12 za The Federalist, zile makala za zamani za kutetea katiba ya Marekani, zilizokuwa zinagombewa kati ya wanasiasa Hamilton na Madison, zikaangukia kwa Madison.

Kilatini kina vituko vyake lakini. Kuna "na" nyingine, que, inagandishwa mwishoni mwa neno, usipoifundisha kompyuta inaipita tu, kama Mzungu anavyohangaika na "nimeshamwambia" yetu.

Octavia yenyewe hata bila kompyuta inajishtaki. Seneca ni mhusika humo humo ndani, halafu mzimu wa Agrippina, mama yake Nero mtawala wa Roma, unatabiri Nero atakavyokufa, mpaka habari ya koo lake kuchomwa, wakati Seneca kajiua kwa amri ya Nero mwaka 65 na Nero kafa 68! Kazi ipo kwenye Hercules Oetaeus, tamthilia nyingine yenye jina la Seneca, mistari karibu 2,000, imejaa mwangwi wa tamthilia zingine za Seneca, sasa ni mzee anajirudia au kuna mtu anamuiga? Hapo ndo kuhesabu kunasaidia, unaikata vipande unaona kipi kinafanana naye na kipi hakifanani.

Ila kwa The Federalist walikuwa na maandishi ya Hamilton na ya Madison ya kulinganisha. Aliyeandika Octavia hatuna kazi yake nyingine inayojulikana, kwa hiyo mashine inaweza kusema "huyu hafanani na Seneca", basi. Dogo akikwambia imetaja na jina, hapo mcheke.