Zile kuta ulizozipiga picha Kiponda

Mwanangu Zuhura,

Marahaba. Ujumbe wako nimeusoma mara mbili, na picha nimemwonyesha mama yako. Nimefurahi umevuka hadi Unguja, hata kama ni Jumamosi na Jumapili tu. Kupotea vichochoroni ukatokea Darajani mara tatu ni kawaida, na urojo wa Forodhani hauna haja ya maelezo yangu. Ila mwisho umeniuliza: "Baba, ni nani aliyeuachia Mji Mkongwe ukaoza hivi? Kila ukuta unabanduka."

Umeuliza nani. Mimi nitakujibu kwa nini, maana ukuta naujua kuliko watu.

Katika picha zako zipo kuta za namna mbili, nawe umezitia kapu moja. Ule wa Hurumzi, unaomwaga unga mweupe juu ya baraza, hauumwi. Hiyo ni lipu ya chokaa, na kumomonyoka ndiyo kazi yake. Jiwe la matumbawe, ndilo lililojengea nyumba zile, lina vitundu tele, linanyonya maji kutoka ardhini, na maji ya pale yana chumvi. Yakishapanda yanatafuta pa kutokea. Chokaa inayapisha: yanakauka nje, chumvi inabaki usoni mwa lipu, lipu inakatika unga kidogo kidogo, na mwenye nyumba anapaka nyingine kabla ya masika. Jiwe lenyewe halijaguswa.

Ule wa Kiponda, wa kijivu, uliotoka mapande mapana kama sinia, huo ndio mgonjwa. Huo umepigwa saruji. Matumbawe hayataki saruji. Umelisikia neno hili tangu uko darasa la pili, ukawa unalicheka, sasa umeliona kwa macho. Saruji ni ngumu na inaziba. Maji yanapanda vilevile, ila yanakwama nyuma yake, chumvi inaganda huko ndani, inavimba, inaisukuma lipu. Siku ikianguka inaondoka na ngozi ya jiwe. Ukirudi, gonga ukuta kwa kifundo cha kidole. Ukilia kama dafu tupu, lipu imeshaachana na jiwe, inangoja mvua tu.

Nyumba ile ya pembeni katika picha yako ya sita, hukuitambua? Ni kwa shangazi yako. Na lipu ile niliipiga mimi. Ndoo moja ya saruji kwa nne za mchanga, siku mbili nimemaliza, ukuta umenyooka kama meza. Mzee mmoja fundi wa mtaani alipita akasema, "Bwana mdogo, utalinyima pumzi." Nikamwona wa zamani. Masika ya tatu chumba cha chini kikaanza kunuka ukungu. Nilipobandua, vichwa vya boriti vilivyoingia ukutani vilikuwa vimelowa. Nilichoma bisibisi kwenye kimoja ikazama hadi kwenye mpini. Shangazi yako hakunilaumu. Alihamisha kitanda chumba cha pili, akaniletea chai. Afadhali angenisema.

Kazi ilitakiwa hivi. Chokaa inalowekwa majini, si usiku mmoja, wiki kadhaa, mpaka iwe laini kama samli iliyoganda. Fungu moja la chokaa kwa matatu ya mchanga uliooshwa. Mchanga wa ufukweni usiooshwa ni kuongeza chumvi juu ya chumvi. Ukuta unaumwagia maji kwanza, la sivyo jiwe litainyonya lipu kabla haijashika. Unapiga tabaka jembamba, kama upana wa kidole, unaliacha likaze siku kadhaa, ndipo la pili. Na unaning'iniza magunia mabichi mbele yake jua lisiikaushe ghafla, maana ikikauka ghafla inachanika nyufa kama tope la bwawa. Kazi ya siku mbili inakuwa ya wiki tatu. Nani atalipa wiki tatu?

Unaona, nimeanza kukujibu nani.

Kwa haraka tu utasema wenyewe. Wenyewe ni nani? Baada ya Mapinduzi ya 1964 nyumba nyingi zilichukuliwa na serikali, zikaingia familia kadhaa penye familia moja, kwa kodi ndogo. Mpangaji hatengenezi asichomiliki, na kodi ile hainunui hata mabati ya paa. Nyingine ni za wakfu. Kisha utasema wapangaji. Hapo tena nakuwa upande wako kidogo, maana nimeona simtanki ya lita 2,000 imekalishwa juu ya dari ya boriti. Hizo ni tani mbili! Boriti ni mti wa mkoko. Iliyonyooka haizidi sana mita tatu, ndiyo maana vyumba vyote ulivyoingia ni vyembamba na virefu. Dari ile ilipimiwa watu na mikeka. Lakini maji ya bomba yakiwa hayapandi ghorofa ya pili, mama mwenye watoto watano afanye nini? Na hata Beit al-Ajaib, ile nyumba kubwa ya Sultani Barghash pale Forodhani, iliyojengwa 1883, upande wake uliporomoka tarehe 25 Desemba 2020 mafundi wakiwa kazini. Ile haikuwa na mpangaji.

Ninalo jina mdomoni, ila nikilitaja itabidi nianze na la fundi mmoja mwenye ndoo ya saruji. Basi, niache.

Ukivuka tena, panda boti ya asubuhi, uwe mitaani kabla jua halijawa kali. Ingilia Mkunazini, pita Kiponda, shuka Hurumzi hadi Forodhani, na utazame juu kuliko chini. Mfereji wa paa uliopasuka unaacha mchirizi wa kijani ukutani. Fuata mchirizi ule hadi chini, ndipo ukuta utakapoanza kutoa tumbo. Na kwa shangazi yako bisha hodi safari hii. Nipigie picha pembe ya chini, kushoto kwa mlango, karibu kiasi cha shibiri moja. Pale niliporudia kwa chokaa nataka kuona kama pamekauka.

Baba yako,
Tanga