Makumbi ya msimu uliopita: yapi ya kuosha, yapi ya kutupa

Barua za safari hii nyingi zinauliza jambo moja: unga wa makumbi ya nazi, ambao wauzaji wa Dar es Salaam wanauita kokopiti, ukishavuna mazao yako unaufanya nini?

Nina viroba 40 vya nyanya kwenye kitalu nyumba, kila kimoja kina kokopiti lita 15 hivi. Nimemaliza kuvuna. Aliyeniuzia anasema nimwage yote ninunue mpya, jirani anasema nipande tu palepale. Juu ya viroba kuna ukoko mweupe. Maji yangu ni ya kisima. Nimsikilize nani?
*Msomaji, Goba*

Ndugu, usimsikilize yeyote kati yao. Kama nyanya zilizeeka tu, hazikunyauka ghafla na mizizi haina vinundu, kumwaga ni kutupa pesa. Makumbi huoza polepole sana, na kuyatumia misimu miwili hadi mitatu ni jambo la kawaida. Ila ukipanda palepale unautia mche kwenye chumvi. Ukoko huo ni chumvi ya mbolea na ya kisima: maji hupanda juu, hukauka, chumvi inabaki.

Wiki moja kabla ya kung'oa, acha mbolea na unyweshe maji matupu ili mmea wenyewe unyonye kilichobaki. Kisha kata shina usawa wa kokopiti. Subiri siku tatu au nne mizizi ilegee, ndipo utoe kitako cha shina na mizizi minene. Hiyo minene ikibaki huoza vibaya, huleta vijinzi vyeusi ambavyo funza wake hula mizizi ya miche, na vijidudu vinavyoiozesha hula naitrojeni ya mche wako. Mizizi myembamba kama nywele iache. Ikioza huacha vijitundu vya hewa.

Kwangua sentimita 2 za juu utupe. Halafu lowesha taratibu. Hapa wengi hukosea: kokopiti iliyokauka hujivuta ndani, ikaachana na ukuta wa kiroba, na maji yote yakapita pembeni bila kuosha chochote. Mwaga lita mbili, subiri nusu saa, mwaga tena mpaka ivimbe ijaze kiroba. Baada ya hapo ndipo uoshe hasa, kwa maji mara mbili ya ujazo wa kokopiti. Kwa lita 15 ni lita 30, ndoo moja na nusu, zikipitishwa kidogo kidogo na kutoka chini. Kwa viroba 40 unahitaji lita 1,200, kwa hiyo tangi la lita 1,000 halitoshi. Ukiweza, panga kazi hii iangukie masika au vuli: paa la mita 60 za mraba likipata mvua ya milimita 20 hukupa karibu lita 1,200, tena maji yasiyo na chumvi.

Suala la maji lina uzito kuliko yote, maana maji hayawezi kuosha kitu kikawa safi kuliko yenyewe. Visima vingi vya jiji letu vina chumvi. Pima kwanza maji unayoingiza kwa kipima EC, kifaa kinachoonyesha wingi wa chumvi kwenye maji (kisome kwa mS/cm), kisha pima yanayotoka chini ya kiroba. Kisima kikisoma 0.8 na yanayotoka yakasoma 1.2, umemaliza. Yakisoma 2.5, endelea kuosha. Lakini kisima chenyewe kikisoma 2, kitumie kuoshea mara ya kwanza tu, umalizie kwa maji ya mvua au ya bomba.

Baada ya kuosha inabaki hatua inayorukwa na karibu kila mtu. Chembe za makumbi hushikilia potasiamu na sodiamu, na maji peke yake hayazibandui zote. Kalsiamu ndiyo huzibandua na kukaa mahali pake. Ukiiruka hatua hii, kalsiamu ya msimu ujao itanaswa na makumbi kabla haijafika kwenye mzizi, nyanya zitaoza kitako, nawe utaapa kwamba mbolea ulitia. Yeyusha gramu 40 za kalsiamu naitreti kwenye ndoo ya lita 20, nywesha mpaka kiroba kishibe, kiache kilale usiku mzima. Asubuhi pitisha maji safi lita 10 hivi. Dukani taja jina kamili, kalsiamu naitreti inayoyeyuka yote kwenye maji. Usikubali kupewa CAN ya kukuzia mahindi: hiyo ina amonia, kalsiamu yake ni kidogo, na huacha mchanga chini ya ndoo. Wala usichanganye chumvi ya Epsom (mbolea ya magnesiamu) kwenye ndoo hiyohiyo. Vikikutana vikiwa vikali huganda na kuwa unga mweupe unaoziba mipira ya matone.

Kokopiti iliyooshwa hivi haina chakula. Anza mbolea nyepesi siku ileile unayopanda.

Wanangu, hapa Kigamboni kuna wanaosokota kamba za usumba. Vumbi la makumbi wanalitupa bure, nami nimelichukua magunia sita. Mchicha umeota vizuri, lakini pilipili na maharage majani yanaungua pembeni. Kosa liko wapi?
*Mama, Kigamboni*

Shikamoo mama. Makumbi ya kamba hufukiwa kwenye mashimo ya pwani kwa miezi, maji ya bahari yakiingia na kutoka, ili nyuzi ziachane. Vumbi lake limeshiba chumvi ya bahari. Mchicha unaivumilia kiasi, ndiyo maana umekudanganya.

Linafaa kabisa, ila lioshwe sana. Litandaze kwenye magunia yanayopitisha maji, juu ya mbao ili lisigusane na ardhi, na uliache linyeshewe masika yote. Kisha fanya hatua ya kalsiamu kama tulivyomweleza ndugu wa Goba, na kwako irudie mara mbili. Kama huna kipima EC, maharage yatakupimia, kwa kuwa hayavumilii chumvi. Panda punje kumi kwenye vumbi hilo na kumi kwenye mchanga wa mto uliooshwa, zote uzinyweshe maji yaleyale ya bomba. Baada ya siku 12 linganisha. Majani yakiungua kwenye vumbi peke yake, rudia kuosha.

Nyanya zangu zilinyauka zikiwa kijani kibichi, mche mmoja leo, kesho mitatu. Je, nikichemsha kokopiti au kuitia jiki naweza kuirudia?
*Msomaji, Tabata*

Kata kipande cha shina karibu na mizizi, kining'inize kwenye glasi ya maji safi bila kukitikisa. Ndani ya dakika chache yakitiririka maji meupe kama moshi wa maziwa, huo ni mnyauko bakteria. Hapo tupa kokopiti yote, dada, hata ya viroba ambavyo havijanyauka kama vinachangia maji. Ifukie mbali na bustani, mahali ambapo maji ya mvua hayatiririki kuelekea mboga. Tunajua inauma, lakini kiroba kimoja ukikirudisha kinarudisha ugonjwa wote.

Jiki usiitie kwenye kokopiti hata siku moja. Nguvu yake huishia kwenye makumbi kabla haijaua kitu, kisha inakuachia sodiamu uliyohangaika kuiosha. Itumie kwa viroba, visu na mipira: sehemu moja kwa tisa za maji, dakika 30, kisha suuza.

Ikiwa glasi imebaki safi lakini mizizi ina vinundu, hao ni minyoo fundo, na joto linawaweza. Tandaza kokopiti unene usiozidi sentimita 20 juu ya sakafu ya saruji, iwe na unyevu wa kutoa tone moja au mawili ukiikamua. Ifunike kwa nailoni inayopitisha mwanga, ukandamize kingo kwa mchanga, uiache wiki sita. Januari na Februari ndio wakati wake hapa Dar. Masika mawingu hukuharibia kazi. Kama haraka inakubana, tumia pipa lenye wavu ndani na maji yanayochemka chini: mvuke ukishapenya hadi juu, hesabu nusu saa.

Minyoo hiyo haichagui ukoo. Hupenda nyanya, bamia na matango vilevile, kwa hiyo kubadilisha zao peke yake hakutoshi.

Nitajuaje kokopiti imechoka?
*Msomaji, Ubungo*

Ikamue. Ikiteleza vidoleni kama tope na nyuzi hazionekani, imekuwa laini mno na mizizi itakosa hewa. Mwaga lita moja ya maji kwenye kiroba: yakituama juu zaidi ya dakika moja, changanya robo ya ujazo wa vipande vipya vya makumbi vilivyooshwa, au pumba za mpunga zilizochomwa zikawa nyeusi, zisiwe jivu. Mara ya pili ikituama, ihamishie chini ya mwembe. Na kila unapoirudia baada ya nyanya, epuka bilinganya, nyanya chungu, hoho na mnavu, ambao wengi husahau kwamba ni ukoo uleule.