Maswali na Majibu: Kabla Hujagusa Ngoma

Natunga sauti za onyesho la mwanamke Mweusi wa Marekani kuhusu mama na bibi yake. Nianze na ngoma gani ya Kiafrika?

Swali hili haliishi! Usianze na ngoma yoyote. South Carolina, wakati huo koloni la Waingereza huko Marekani, iliwapiga marufuku watumwa kupiga ngoma kwa sheria ya 1740, baada ya uasi wa watumwa wa Stono wa mwaka uliotangulia. Mdundo ukahamia mwilini: viganja vikapiga mapaja na kifua, visigino vikapiga sakafu. Katika ibada za duara za pwani ya Georgia, waumini Weusi huzunguka kinyume cha mwendo wa saa huku mtu mmoja akigonga mbao kwa mpini wa ufagio. Wasichana nao wakabaki na makofi yao na michezo ya kamba. Urban Bush Women, kundi la dansi lililoanzishwa New York mwaka 1984 na Jawole Willa Jo Zollar, huwaachia wachezaji wapige miguu na kutoa sauti wenyewe.

Kwa hiyo keti na mwigizaji wako, asimulie bila muziki, umrekodi. Sikiliza anapovuta pumzi kabla ya kumtaja mama yake. Tungia hapo. Ngoma ukiiweka kwa sababu tu ngozi ni nyeusi, umeweka pambo.

Mapigo mangapi kwa dakika yanafaa?

Ya mwigizaji wako, si yako.

Nimepanga makofi kwenye programu ya muziki ya kompyuta yakae sawasawa kabisa, lakini yanasikika kama yamekufa.

Umeyaua mwenyewe. Watu wanne hawapigi makofi kwa wakati mmoja kamili; hupishana kwa sehemu ndogo sana ya sekunde, na sikio hutambua kundi kwa kupishana huko. Kofi moja kulinakili mara nne si kundi. Rekodi watu wanne, kisha uache mkono wako mbali na kitufe cha kunyoosha mapigo.

Nimepata mtandaoni sauti ya mwanamke akilia. Naweza kuitumia?

Hapana. Hata sauti ya mama wa mwigizaji iombee ruhusa, tena kabla ya kuikatakata.

Halafu, mbona kila mtu ananiletea kilio? Wanawake hawa hucheka, husengenya, husukana nywele. Shanga kwenye ncha za misuko hugongana msichana anaporuka kamba, na hugonga punde tu baada ya miguu: mdundo wa pili wa bure, nanyi mnahangaika na machozi ya kuazima.

Besi haisikiki ukumbini. Spika zetu ni ndogo.

Spika ya ukubwa wa kiganja haina besi, hata uiongeze vipi. Tafuta sabufa, yaani spika kubwa ya besi, au jukwaa la mbao lenye uwazi chini, ufunge kwenye ubao maikrofoni ya mguso, inayonasa mtetemo wa mbao yenyewe. Viatu mvijaribu mapema. Soli ya mpira humeza mlio wa kisigino.